Mwezi Usioguswa na Wino

Wasikilizaji wa Kpandroma na Ituri yote, sogezeni redio karibu, punguzeni moto kama maharage yameshaiva, tuzungumze kuhusu usiku. Si usiku wowote tu, bali usiku wa mbalamwezi, na kisiwa kilichozungukwa na maji, na mtu aliyeketi akijaribu kuvitia vyote viwili kwenye kipande cha karatasi.

Swali la kwanza ni hili, na mtoto aliye karibu na redio anaruhusiwa kujibu. Ukipewa karatasi nyeupe na kalamu ya wino mweusi, ukaambiwa uchore mwezi, utauchoraje?

Wengi watachora duara. Sawa. Ndani ya duara hilo kuna nini? Kuna karatasi. Na nje yake? Karatasi ileile. Mwezi na mbingu vimekuwa na rangi moja, na hakuna atakayeona usiku hapo. Mwanga utatoka wapi, nawe mkononi una weusi peke yake?

Kuna Mmarekani mmoja aliyekaa na swali hilo majira mazima ya baridi. Jina lake ni Rockwell Kent. Alizaliwa 1882, akafariki 1971, na katika maisha yake alipenda visiwa kupita kiasi. Alipokuwa kijana alikwenda Monhegan, kisiwa kidogo cha mawe mbele ya pwani ya jimbo la Maine, na huko hakukaa kama mgeni wa kutazama mandhari. Alifanya kazi ya useremala, alichimba visima, alitoka na wavuvi kutega kamba wa baharini. Jioni alichora. Mtu akiisha kuvuta kamba zenye maji ya barafu mchana kutwa, hachori tena bahari kama pambo la ukutani.

Lakini kisiwa cha usiku wa leo ni kingine. Kinaitwa Fox Island, Kisiwa cha Mbweha, na kipo Alaska, kaskazini ya mbali, kwenye ghuba iliyo karibu na mji wa Seward. Kent alifika huko 1918 pamoja na mwanawe wa miaka 9, naye aliitwa Rockwell vilevile. Walimkuta mzee mmoja tu, Olson, mzaliwa wa Sweden, mfugaji wa mbweha na mbuzi. Baba na mtoto walipewa kibanda cha magogo, wakaziba nyufa zake, wakapasua kuni, wakakaa mpaka mwaka uliofuata. Watu watatu kisiwani, basi.

Fikirieni Desemba ya huko. Jua linachungulia kidogo, linajificha nyuma ya milima, siku imekwisha. Usiku ni mrefu mno. Rangi za mafuta zinataka mwanga wa mchana, na mchana haupo. Lakini taa ipo, kalamu ipo, wino upo. Kwa hiyo jioni baada ya jioni, mtoto akisomewa hadithi na kulala, baba aliinama mezani akachora: milima, maji, nyota, binadamu mdogo amesimama mbele ya anga kubwa. Michoro hiyo ilionyeshwa New York 1919, na mwaka uliofuata ikatoka katika kitabu chake, Wilderness. Kabla ya hapo maisha yake ya uchoraji yalikuwa ya kuhangaika. Michoro ya wino mweusi, iliyozaliwa kwa sababu mchana ulikuwa mfupi, ndiyo iliyomfungulia mlango. Baadaye, mwaka 1930, kilitoka upya kitabu cha Herman Melville kuhusu nyangumi, Moby-Dick, kikiwa na michoro ya Kent 280, na baadhi yake ni bahari ya usiku.

Turudi kwenye swali letu, maana limebaki hewani. Mwanga unatoka wapi?

Jibu ni kwamba mchoraji wa mbalamwezi hachori mwezi. Anachora kila kitu kisicho mwezi. Analeta mistari ya wino kutoka pembeni, mistari mingi iliyobanana, anaijaza mbingu mpaka inakuwa nzito, na anapokaribia pale alipokusudia anasimama. Hapo haingizi kalamu. Kiduara kile kilichobaki ni karatasi tupu, karatasi ileile iliyokuwa mezani tangu asubuhi, lakini sasa inawaka. Wino ukikosea ukaingia humo, mwezi umekufa, na wino haufutiki. Kisiwa vilevile: hakichorwi jiwe kwa jiwe. Kinajazwa weusi kama mgongo wa mnyama aliyelala majini, na pale mgongo unapokutana na maji kunaachwa uzi mwembamba wa weupe. Uzi huo peke yake ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hapa nchi imekwisha, hapa maji yameanza.

Ninyi mlio na mashaka, kuna jambo la kushangaza linalothibitisha hili, nalo liko angani kwenyewe. Mwezi si mweupe. Mawe na vumbi vya mwezi ni vyeusi-kijivu, karibu kama lami iliyochakaa barabarani. Katika mwanga wote wa jua unaoangukia huko, sehemu ndogo tu, kama sehemu moja katika nane, ndiyo inayorudishwa. Tunauona mweupe kwa sababu umezungukwa na giza. Kwa hiyo Kent na kalamu yake hakuwa akidanganya macho ya watu. Anga lenyewe linafanya vivyo hivyo kila mwezi unapopevuka.

Na kwa nini wino mweusi, kwa nini si rangi? Jaribu hili usiku wenye mwezi. Toka nje na kitenge chenye maua mekundu na majani ya kijani. Zima tochi, zima simu, subiri. Jicho linahitaji nusu saa hivi kulizoea giza, na mwangaza wa simu wa sekunde chache unakurudisha mwanzo. Ukishazoea, tazama kitenge. Utayaona maua, utaona mikunjo, lakini wekundu umekwenda wapi? Jicho la binadamu lina chembe za aina mbili. Zile za rangi zinataka mwanga mwingi, nazo usiku hulala. Zinazobaki kazini zinajua giza na mwanga tu, hazijui nyekundu wala kijani. Mtu aliyechora mbalamwezi kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe amechora karibu sana na jinsi jicho linavyoona kweli. Ndiyo maana michoro ya namna hiyo inatugusa hata kama hatujawahi kuiona Alaska.

Sasa, wasikilizaji, tutoke kwenye barafu. Turudi nyumbani Ituri, maana kiini cha mazungumzo ya leo kiko huku.

Ukitoka Bunia, ukapita Komanda, ukapita Mambasa, ukaendelea na barabara ya Nia-Nia na Kisangani, unafika Epulu, kwenye mto wa jina hilohilo, katikati ya msitu. Leo Epulu inajulikana kwa okapi na kwa hifadhi iliyoanzishwa 1992. Wengi wetu tunakumbuka pia msiba wa Juni 2012, kituo cha hifadhi kiliposhambuliwa, watu wakauawa na okapi wa kituoni wakauawa pamoja nao. Lakini zamani, kabla ya uhuru, Epulu ilijulikana kwa jina la Mmarekani, Patrick Putnam, aliyejenga hapo miaka ya 1930 akawa na zahanati na nyumba ya wageni. Na mke wake wa mwisho alikuwa mchoraji.

Aliitwa Anne Eisner. Alizaliwa 1911 katika jimbo la New Jersey, akasomea uchoraji New York, dada yake Dorothy naye mchoraji. Aliondoka Marekani 1946, akaja Kongo, na huko Epulu watu wakampa jina la Madami. Mnaisikia hiyo? Ni neno la Kifaransa lililopita mdomoni mwa Kingwana, Kiswahili chetu cha huku, likapata mkia. Jina lilimkaa hata kitabu chake cha 1954 kikaitwa hivyo hivyo, Madami. Aliwalea watoto wa Bambuti, watu wa msitu huo, waliofiwa na mama zao, alikusanya hadithi za msituni kwa wingi, na muda wote huo alichora: watu, nyumba, vivuli vya miti. Mumewe alifariki mwishoni mwa 1953. Aliondoka, akarudi tena kwa muda, kisha akakaa New York mpaka kifo chake 1967.

Tukae na Madami, kwa sababu alifika mahali ambapo wanawake tayari walikuwa wachoraji.

Hapa naomba tuende polepole. Bambuti wa msitu wa Ituri wana nguo ya gome. Mwanamume huchagua mti, hubandua gome la ndani, hulilowesha, hulipiga kwa nyundo juu ya gogo. Ko, ko, ko, sauti inasikika mbali msituni. Gome linapanuka, linalainika, linakuwa kitambaa. Akimaliza, kazi yake imekwisha. Kitambaa kinakwenda kwa mwanamke, na mwanamke ndiye anayechora. Anatwanga makaa, anachanganya na maji ya tunda la gadenia, anapata weusi usiotoka kwa urahisi. Anachovya kidole au kijiti, anaanza. Mistari sambamba, mistari iliyokatana kama wavu, nukta, umbo kama mguu wa ndege. Halafu, bila kuonya, anaacha. Upande mmoja wa nguo umejaa, upande wa pili ni gome tupu. Mstari umeenda, umefika katikati, umekatika, na mbele yake hamna kitu.

Je, alichoka? Je, weusi uliisha? Hapana. Hilo pengo ni sehemu ya kazi. Wataalamu walioziangalia nguo hizi, ambazo leo zinawekwa kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani na kuuzwa kwa bei kubwa, wamezilinganisha na nyimbo za Bambuti wenyewe, ambamo sauti moja huingia, nyingine hukaa kimya, na kimya hicho kinahesabiwa. Nasi tunaongeza mfano wa huku kwetu: mpiga ngoma mzuri anajulikana kwa pigo analoliacha.

Sasa weka kando kwa kando. Huku karatasi ya Alaska, wino mweusi, na duara la weupe ambalo mkono uliogopa kuligusa. Huku gome la Ituri, weusi wa gadenia, na uwazi ambao kidole kilikataa kuujaza. Kent na mama wa Kimbuti hawakujuana hata kidogo. Mmoja alisomea New York, mwingine alijifunza mgongoni mwa mama yake. Wote wawili walijua kwamba mahali usipogusa napo ni kazi ya mkono wako. Nalisema tena, kwa aliyekuwa ameenda kutazama mtoto: mahali usipogusa napo ni kazi ya mkono wako.

Ndiyo maana inauma kidogo kusikia kijana wa Bunia akisema kuchora ni mambo ya Wazungu. Madami alikuja Epulu na masomo yake yote, akaziona nguo hizo, akazithamini. Picha alizochora za msitu wa Ituri katika miaka yake ya baadaye ziliacha kuhesabu majani moja moja, zikawa za maumbo makubwa. Yeye hakuona aibu kutazama mkono wa mwanamke wa Kimbuti. Kwa nini sisi tulio jirani tuone?

Na mbalamwezi? Je, msitu wenye miti mirefu vile unaujua mwezi? Unaujua. Kuna Mwingereza aliyefika Epulu wakati wa Putnam, Colin Turnbull, akaandika kitabu maarufu kuhusu watu wa msitu kilichotoka 1961. Anasimulia kwamba usiku mmoja wa mbalamwezi alisikia kitu nje, akatoka, akamkuta kijana aliyeitwa Kenge kwenye uwazi mdogo ambapo watoto hucheza mchana. Kenge amevaa nguo ya gome, amejipamba majani, ua liko kichwani, anacheza peke yake na kuimba polepole. Turnbull akamuuliza kwa nini anacheza peke yake. Kenge alimshangaa. Alimjibu kwamba hayuko peke yake. Anacheza na msitu, anacheza na mwezi.

Tazameni picha hiyo kwa jicho la mchoraji. Uwazi mdogo wenye mwanga, umezingirwa na weusi wa miti pande zote. Hicho si kisiwa? Maji hayapo, lakini giza limefanya kazi ya maji. Kuanzia kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu mpaka uwanja wa watoto msituni, anayechora usiku anashughulika na jambo moja: mahali padogo panapoonekana, katikati ya pakubwa pasipoonekana.

Tunajua pia, na hatuwezi kujifanya hatujui, kwamba kwa watu wa Djugu usiku si wa kutembea kuangalia mwezi. Tangu machafuko ya mwisho wa 2017 wengi wameukimbia usiku, wamelala porini, wamelala kwa jamaa, wamelala katika kambi za waliohama makwao kama Kigonze. Kuna nyumba ambamo mwezi mpevu uliogopwa kuliko giza, kwa sababu mwanga unamwonyesha anayekimbia. Mtoto aliyekua hivyo akiambiwa achore usiku anaweza kuchora mambo tusiyotaka kuyaona, na tusimlazimishe achore mazuri. Ila mbalamwezi ilikuwa ya bibi zetu pia, ilikuwa ya kupeta mahindi nje na kupiga hadithi, njia ya soko ikionekana nyeupe bila taa. Hilo nalo ni letu, na anayelichora hajasahau yaliyotokea.

Kabla hatujaagana, mambo matatu ya mkono, kwa watoto na kwa walimu wa shule wanaotusikiliza.

Kwanza ukubwa. Mwezi ukichomoza juu ya ziwa unaonekana kama sinia. Nyoosha mkono wote, weka ukucha wa kidole kidogo mbele yake. Utafunikwa wote, na ukucha utabaki. Macho yanatukuzia, wachoraji wengi wanaharibu usiku wao kwa kuchora mwezi mkubwa kama tikiti.

Pili, mwezi mchanga. Vitabu vingi vilivyotoka Ulaya vinauchora umesimama wima, kama mundu uliotundikwa ukutani. Watoto wa shule wanauiga hivyo. Lakini sisi tuko karibu na ikweta. Jioni ya mwandamo toka nje uangalie magharibi: mara nyingi mwezi wetu umelala chali, pembe juu, kama pirogi. Mtoto aliyeuchora umelala akaambiwa amekosea, mwalimu tafadhali mrudishie alama yake.

Tatu, njia ya mwanga juu ya maji. Nendeni Tchomia au Kasenyi, simameni wawili ufukweni, mmoja huku, mwingine mbali kule, mwezi ukiwa juu ya ziwa upande wa Uganda. Kila mmoja ataapa kwamba ile barabara nyeupe inakuja miguuni pake. Nanyi wote wawili mna haki. Kila wimbi dogo ni kioo, na linamrudishia mwanga yule aliye mahali panapofaa. Wavuvi wa taa hawaupendi usiku huo, maana samaki wadogo hawasongamani kwenye taa wakati ziwa zima linang'aa. Kwa anayechora, basi, ni hivi: usiichore barabara. Chora mawimbi meusi, mafupi, ya kulala, na acha mapengo katikati yao, membamba kule mbali, mapana huku karibu nawe.

Karatasi ikikosekana, kuna ubao, kuna kifuniko cha katoni, kuna ukuta wa jiko. Wino ukikosekana, makaa yapo kila nyumba Kpandroma. Chagueni kilima chochote mnachokijua, kizungusheni maji ya kubuni, muwe na kisiwa chenu. Anzeni kujaza giza kutoka pembeni, na mkifika pale mwezi unapokaa, inueni mkono.

Mama aliye jikoni, maharage yako sasa yameiva kabisa. Usiku mwema Kpandroma, usiku mwema Ituri yote.